Sahihi Sitini na Moja

Eulalie Cibalonza hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi. Kwa hiyo Jumatano ile, simu ya binti yake Lydie ilipolia ofisini saa nne asubuhi na jina la mama likatokea kwenye kioo, Lydie alitoka mbio hadi kwenye korido akidhani kuna msiba.

"Hakuna mutu alikufa," mama alisema kabla hata ya salamu. "Lakini kuya siku ya Samedi. Kuko batu balipaka miti yetu rangi nyekundu. Na balituachia karatasi ya Français, mingi mingi. Utatusomea."

"Miti gani, mama?"

"Miti ya Kabindi. Kuko ingine?"

Lydie alirudi kwenye kiti chake, lakini kazi haikumwendea tena siku hiyo.

Kabindi ni mteremko ulio upande wa juu wa Kasha, pale mji wa Bukavu unapoanza kuachana na nyumba na kushikana na mashamba. Miaka kumi na tisa iliyopita, Lydie akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, mvua ya alasiri moja ya Novemba iliukata mteremko ule kama kisu kinavyokata mkate. Nyumba kumi na moja zilishuka na udongo. Ya Eulalie ilikuwa mojawapo. Yeye alikuwa soko la Mudaka kununua maharagwe ya kuuza na Lydie alikuwa shuleni, wakarudi wakakuta tope jekundu mahali palipokuwa na nyumba yao. Jirani yao Chantal alikuwa kisimani. Watoto wake wawili walikuwa ndani ya nyumba, na hadi leo hawajapatikana.

Serikali ilituma watu, wakaandika waliyoandika, wakasema mtu yeyote asijenge tena pale, wakaenda zao. Waliobaki walitazamana. Jumamosi iliyofuata Eulalie alitoka na jembe, akaanza kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji katikati ya mteremko. Hakuna aliyemchagua, alikuwa na sauti kubwa na alikuwa wa kwanza kufika, basi. Chantal alimfuata. Kisha akaja Papa Constantin, fundi mwashi, na baada yake mtaa mzima. Kila Jumamosi ikawa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Walichimba mifereji saba ya kukingama, wakaijengea mawe waliyopanda nayo kutoka bondeni, yakiwa mgongoni na kichwani. Walipanda mianzi, matete na miti ya grevilea. Chini kabisa, maji yalipojitokeza yenyewe, waliyatilia bomba na saruji, na kata nzima ikawa inachota hapo.

Katika miaka hiyo yote miteremko mingine ya Bukavu iliendelea kuanguka karibu kila msimu wa mvua. Kabindi haikusogea hata shubiri. Watu wa pale walijivunia jambo hilo waziwazi, na mgeni alipelekwa kuona mifereji kabla ya kupewa kiti.

*

Jumamosi Lydie alipofika, ukumbi wa kanisa dogo la mtaa ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Mama yake alimkalisha mbele, akamkabidhi karatasi zile, akasimama pembeni huku mikono ameikunja. Lydie alijua sababu ya kusimama namna ile. Alikuwa mtafsiri katika shirika moja la mjini; kazi yake ilikuwa kuvuta maneno kutoka Kifaransa hadi Kiswahili sanifu, na mama yake hakuchoka kuwaambia watu kwamba mtoto wake analipwa kwa ajili ya ulimi.

Lydie alikohoa, akaanza kutafsiri.

"Kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi wa awali, eneo husika limebainika kuwa ardhi tupu isiyokaliwa wala kuendelezwa, na hivyo mwombaji anaidhinishwa kusimamisha majengo manne ya makazi yenye ghorofa tano kila moja..."

Aliendelea hivyo ukurasa mzima. Alipoinua macho, aliona watu wamekaa kimya kama wanafunzi kwenye mtihani wasioujua.

"Binti," Papa Constantin aliuliza kwa upole, "iyo ni Kiswahili ya wapi?"

Watu wakacheka. Eulalie hakucheka. "Lydie," alisema, "tuambie vile ungeniambia miye mu jiko."

Lydie aliona haya. Akaitazama tena karatasi, akavuta pumzi.

"Banasema hivi. Kabindi ni udongo ya bule. Hakuna mutu iko pale, na hakuna mutu alifanya pale kazi yoyote. Njo maana balipatia kampuni moja ruhusa ya kujenga manyumba ine ya étage, na ukuta, na parking. Miti itakatwa. Mifereji itafunikwa."

Sasa walielewa. Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Chantal, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kuimba tu, alisimama akishikilia mgongo wa benchi.

"Udongo ya bule?" alisema. "Batoto bangu babili beko mule."

Akakaa. Hapo ndipo ukumbi ulipowaka. Kila mtu alisema lake, na ilimbidi Eulalie apige meza kwa kiganja ili Lydie amalizie kurasa zilizosalia. Ingekuwa heri kama asingezimalizia, kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kisemacho kwamba wakazi waliulizwa mwezi uliopita na wote wakakubali. Chini yake yalipangwa majina sitini na moja, kila jina na sahihi yake.

"Soma majina," mtu alisema kutoka nyuma.

Lydie akasoma. Papa Constantin alikuwa wa tisa. Chantal alikuwa wa kumi na nne. Kila jina lilipotajwa, mwenyewe alikataa kwa kiapo, na jirani yake akamtazama kwa jicho la pembeni. Lydie akafika namba ishirini na saba, akaisogeza karatasi karibu na macho. Sahihi ile aliijua. Aliiona kwenye barua zote za shule tangu utotoni: herufi E kubwa yenye mkia mrefu, ya mtu aliyesoma hadi darasa la nne na hakukubali kusaini kwa kidole.

"Eulalie Cibalonza," alisema.

Mama yake alisogea, akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Iyi ni mukono yangu," alisema. "Miye njo nilisaini. Lakini sikusaini maneno iyi."

"Sasa ulisaini nini, Mama Lydie?" Constantin aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa na upole.

"Sijue."

Mkutano ulivunjika vibaya. Watu waliokuwa wamebeba mawe pamoja miaka kumi na tisa walitoka mlangoni bila kuagana, kila mmoja akiwaza ni nani kati yao aliyeuza mteremko.

*

Nyumbani, Eulalie aliandaa bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Mjukuu wake, binti wa kaka yake Lydie, mwenye miaka minne, alikula kwanza akatoka kucheza. Lydie hakugusa chakula. Alikuwa na swali kooni, naye alijua ni swali baya, lakini likamtoka hata hivyo.

"Mama, balikupa nini?"

Eulalie aliweka tonge chini. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyepigwa na mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Kula," alisema mwishowe. "Sambaza inapoa."

Hawakuzungumza tena mpaka siku ya pili. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Lydie alikuwa mezani akiisoma orodha kwa mara ya kumi. Sasa alikuwa ameona jambo lililomtatiza. Baada ya jina na sahihi kulikuwa na safu moja zaidi, yenye tarakimu tupu zisizo na maelezo: mbili, tatu, moja, tano. Sehemu ya juu, ambapo pangekuwa na kichwa cha safu, ilikuwa imekatwa wakati wa kutoa fotokopi. Mbele ya jina la mama yake paliandikwa tatu. Mbele ya Chantal, moja. Constantin, tano.

Mama yake alikuwa chumbani akitandika kitanda. Ghafla kelele za kitanda zikakoma.

"Lydie. Jina yangu iko ku numero ngapi?"

"Vingt-sept."

"Kuya uone."

Eulalie alikuwa amesimama kando ya kitanda na pindo la chandarua mkononi. Kwenye utepe wa pindo, kwa kalamu ya wino mzito uliofifia kwa kufuliwa, paliandikwa 27. Alifungua sanduku, akatoa vyandarua vingine viwili vilivyokunjwa, akageuza pindo. 27. Na 27.

"Tatu," Lydie alisema.

"Tatu!" mama yake alisema, na sasa alicheka, kicheko kikubwa cha tumboni. "Mustikeri! Ni miaka mbili sasa. Batoto ba dada yangu ba Bunyakiri balikuwa banasoma hapa kwangu, tulikuwa batu sita, batu ba afya banatupatia tatu. Tulisaini, na banaandika numero ku kila moja juu mutu asiende kuuzisha ku soko. Unakumbuka? Hapana, haukukuwa. Weye ulikuwa kwako."

"Mama—"

Lakini Eulalie alikuwa amekwisha kujifunga kitenge na kutoka. Hakungoja misa wala msamaha. Lydie alimfuata akikimbia. Kwa Chantal walikuta chandarua kimoja, namba 14. Kwa Constantin walimkuta anavaa koti la kanisani. Mambo yalipomfikia akilini alikaa kitini na koti mkono mmoja ndani na mmoja nje. Vyandarua vyake vitatu vilikuwa vitandani. Cha nne kilikuwa kimefunika miche ya kabichi, na cha tano kilikuwa mlango wa banda la kuku. Vyote vilikuwa na namba 9.

"Mama Lydie," Constantin alisema, "jana niliongea mubaya."

"Uliongea mubaya," Eulalie alikubali. "Sasa vaa koti muzuri, twende kwa bengine."

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umepindua vitanda vyake, na kila mtu akajua kwamba sahihi yake ilikuwa ya kupokea vyandarua, si ya kuuza mteremko.

*

Lydie aliiandikia ofisi ya mji barua ya kupinga kibali. Aliiandika kwa Kifaransa kilichonyooka, akaomba kazi isianze kabla wakazi hawajasikilizwa. Kabla ya kuipeleka, mama yake alimlazimisha aisome ukumbini kwa Kiswahili cha Kasha, sentensi kwa sentensi, na mara mbili watu walimrekebisha. Yeye alikuwa ameandika kwamba mteremko "ulihifadhiwa". Chantal alisema hapana, andika kwamba "tuliujenga". Lydie akaandika hivyo.

Siku nne baadaye mashine ya kuchimba ilipanda hadi Kasha. Akina mama walikaa katikati ya njia na vikapu vyao, wakamkaribisha dereva viazi vitamu. Kumbe alikuwa mtu wa Bunyakiri, anakokaa dada yake Eulalie, na baada ya kiazi cha pili alikuwa anaulizana nao habari za ndugu. Alimpigia simu bosi wake akasema njia inateleza, akageuza mashine. Siku ile kulikuwa na jua kali.

Ofisi ya mji ilituma tume ya watu watatu, wasikilize pande zote mbili hapo hapo Kasha, Alhamisi saa nne. Mwenyekiti alikuwa Madame Noëlla, mwanamke mnyamavu mwenye miwani aliyezoea kusikia watu wakipiga kelele mbele yake. Pamoja naye walikuwa karani na mhandisi kijana. Kampuni iliwakilishwa na Monsieur Gérard, wakala wake, mtu nadhifu wa sauti laini, aliyesalimia kila mama mkononi kabla ya kukaa.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa Kifaransa. Alikuwa hajafika hata sentensi ya tatu Eulalie alipoinua mkono.

"Madame Présidente, pardon. Ile karatasi ilitupita juu ilikuwa ya Français. Leo tunaomba maneno yote ipite mu Swahili. Mutoto wangu atasaidia. Ni kazi yake."

Madame Noëlla alimtazama kupitia juu ya miwani. "Hata miye ninajua Swahili, maman," alisema. "Niko mutu wa Bagira, hapa Bukavu. Tuendelee."

Watu walipiga makofi. Lydie hata hivyo aliachiwa kiti kando ya karani, ili yanayosemwa kwa Swahili yaandikwe kwa Kifaransa bila kupotea njiani. Tangu aanze kazi hakuwahi kuogopa kukosea neno kama alivyoogopa pale.

Gérard alizungumza vizuri. Alisema mji unahitaji nyumba, na huo ni ukweli. Alisema vijana watapata kazi. Alisema kampuni haikutaka kugombana na mtu, ndiyo maana ilituma watu mwezi uliopita wapite nyumba kwa nyumba, na familia sitini na moja zikakubali kwa hiari. Akaiweka orodha mezani.

"Na safu hii ya mwisho?" Madame Noëlla aliuliza. "Hizi tarakimu ni za nini?"

Gérard alisita kidogo tu. "Ni watu waliohojiwa katika kila nyumba, Madame."

Eulalie alisimama tena.

"Kwangu miye muliandika tatu, Monsieur Gérard. Mwezi uliopita mu nyumba yangu tulikuwa babili: miye na mujukuu. Mujukuu iko na miaka ine. Sawa, tuseme mulimuuliza, na yeye anapenda étage." Watu walianza kucheka. "Wa tatu ni nani? Ni mbuzi?"

Ukumbi ulipasuka. Hata karani aliinamisha kichwa. Eulalie alingoja kicheko kiishe. Hakuwa amesimama kwa ajili ya kuchekesha.

"Numero quarante ni Jean-Baptiste. Iko Kindu tangu mwaka uliopita, mulimukuta wapi? Madame Présidente, tunajua ile karatasi ni ya nini. Lakini hatutaki mutuamini ku mudomo. Tafazali, ita majina. Anzia ku numero moja."

Madame Noëlla aliivuta orodha karibu. "Numero moja," alisema, na kusoma jina.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mwanamke mmoja aliingia na vyandarua viwili vilivyokunjwa mikononi kama mtu apelekaye vitambaa vya altare. Alivitandaza mezani, akageuza pindo la kila kimoja. Namba 1, mara mbili. Mwenyekiti akatazama safu ya mwisho: mbili.

"Numero mbili."

Wakaingia hivyo, mmoja baada ya mwingine, kutoka uani walikokuwa wamepanga foleni kwa ukimya ambao hakuna aliyewafundisha. Vyandarua vilikuwa vyeupe, vya buluu, vya kijani. Vingine vipya bado vinanukia dawa, vingine vimeshonwa viraka. Watu walikuwa wamevaa nguo za Jumapili. Constantin alipoitwa wa tisa, aliweka vitano, na cha mwisho bado kilikuwa na manyoya.

"Hiki kililinda kuku," alisema kwa heshima. "Lakini numero inaonekana."

Lydie alikuwa anaandika, na machozi yalikuwa yanamzuia kuona. Ilipofika ishirini na saba, mama yake alipita mbele yake kichwa juu, mgongo wima kama siku alizokuwa akipanda kutoka bondeni na jiwe kichwani, akaweka vyandarua vyake vitatu kwa zamu. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Gérard, bila chuki, mpaka yule mtu akainamisha uso kwenye faili lake.

Kwa namba arobaini hakuingia mtu. "Iko Kindu," watu walijibu kwa pamoja.

Walipofika sitini na moja meza haikuonekana tena. Madame Noëlla alivua miwani.

"Monsieur Gérard, orodha hii uliipata wapi?"

Gérard alisema aliletewa. Na nani, hakusema, na mpaka leo haijulikani. Alisema pia kwamba, orodha au hakuna orodha, ardhi ilikuwa tupu. Hilo yeyote angeweza kuliona kwa macho.

"Basi twende tukaone," mwenyekiti alisema.

*

Viatu vya Madame Noëlla havikufaa kwa Kabindi. Chantal alivua buti zake za mpira, akampa, yeye akashuka peku. Eulalie alitangulia. Hakueleza sana, alionyesha kwa mkono, na kila alipoonyesha, mtu aliyefanya kazi pale alisema alichofanya. Mfereji wa tatu ulikuwa wa familia zilizotoka bondeni. Ukuta wa mawe uliokuwa umepinda ni wa Constantin, na alieleza mwenyewe kwamba aliupinda makusudi, kwa kuwa maji hayapendi kugeuzwa ghafla. Mhandisi kijana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alipiga magoti, akapima kina cha mfereji, akapima mwinamo, akaandika, akapima tena. Alikata kipande cha udongo kwenye ukingo, akaona jinsi mizizi ya matete ilivyousuka.

"Nani alikuwa injinia wa kazi hii?" aliuliza.

Watu walitazamana, halafu kidole cha Constantin kikanyooka.

"Njo huyu. Injinia wetu."

"Ulisoma wapi, maman?" kijana alimuuliza Eulalie, na hakuwa anatania.

"Hapa hapa," Eulalie alijibu. "Mvua ikinyesha nilikuwa ninakuya kuangalia maji inataka kupita wapi. Samedi tunaipatia njia."

Mhandisi aliandika na hilo.

Kwenye grevilea tano Madame Noëlla alisimama. Zilikuwa na alama za rangi nyekundu kama nyingine zote, lakini zilikuwa zimepandwa kwa duara, na ndani ya duara majani yalikuwa yamefyekwa. Hakuuliza. Chantal ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida, majina ya watoto wake wawili na umri waliokuwa nao. Gérard alikuwa amesimama nyuma ya wote. Alivua kofia yake. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

Tume ilipoondoka, Lydie alibaki na mama yake mferejini. Alikuwa amelishika neno lake siku nyingi.

"Mama, siku ile nilikuuliza balikupa nini. Unisamehe."

Eulalie alikuwa anaondoa jani lililoziba maji. "Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Lakini hasira ilibakia siku tatu. Hizo siku tatu ni zangu."

"Na sasa?"

"Sasa nilikuona pale mezani, unaandika maneno yetu bila kuyabadilisha." Aliinuka, akajinyoosha kiuno. "Nilisema mu roho: yule ni mutoto wangu. Na miye, batu bote baliniona vile nilipita?"

"Bote, mama. Hata Madame Présidente."

*

Uamuzi ulichukua wiki saba. Kibali kilifutwa. Mashauriano yalitajwa kuwa batili, na ofisi ikaamuru Kabindi iandikwe kuwa mahali pasipojengwa. Sentensi moja ya ripoti ya mhandisi iliingia kwenye uamuzi ule, na watu wa Kasha wanaijua kwa moyo: kwamba mteremko umesimama kwa sababu ya kazi ya wakazi wake. Kampuni iliachiwa ruhusa ya kuomba mahali pengine. Haikuadhibiwa, na miezi michache baadaye Gérard alionekana upande mwingine wa mji na faili jipya. Constantin alikasirika sana kusikia hivyo. Eulalie alisema yeye alikuwa ameomba mteremko, na mteremko ameupata.

Rangi nyekundu haikutoka kwenye miti hata kwa kusuguliwa. Waliiacha.

Kazini, mkubwa wa Lydie alimwomba atafsiri uamuzi ule kwa ajili ya mitaa mingine. Lydie aliuliza atumie Kiswahili kipi. Mkubwa wake hakuelewa swali, na Lydie hakumngoja aelewe. Aliandika kwa maneno ambayo yangepita ukumbini mbele ya Papa Constantin bila mtu kuuliza ni ya wapi. Chini ya ukurasa, pale watafsiri wa shirika lile hawaweki kitu, aliweka jina lake kamili, na la mama yake ndani yake: Lydie, binti wa Eulalie Cibalonza, wa Kasha.

Jumamosi moja ya Septemba alikuwa kwa mama yake, wanakoboa mahindi uani, walipobisha hodi wanaume watatu na mama mmoja mzee. Viatu vyao vilikuwa na udongo usio wa Kasha. Walikuwa wametoka mtaa wa mbali, wakauliza kama hapa ndipo kwa yule maman injinia. Yule mama mzee alikuwa na bahasha ya kahawia kifuani, ameikumbatia kwa mikono miwili.

Eulalie alifuta mikono kwenye kitenge, akawatazama mmoja mmoja.

"Mulitoka mbali," alisema. "Mulikula?"

Walisema bado.

"Basi muikale kwanza. Lydie, leta viti. Tukimaliza kula tutaenda kuona mifereji, kisha utatusomea."